Kuendesha na kutangaza biashara ndogo wakati wa hali ngumu: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Sikuda, Busia na Tororo

Makala hii ni kwa ajili yako wewe mwenye kibanda cha chapati, meza ya nyanya na dagaa, cherehani, saluni, duka dogo la rejareja au mzigo wa mitumba unaouza kwa kutembeza. Ni kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia, kwa sababu hapa mpakani wote mnauziana, mnakopeshana na mnapandishiwa bei na jumla moja. Soma sehemu inayokuhusu kwanza, nyingine utairudia.

Tunaandika tukijua kwamba Sikuda si makazi rasmi ya wakimbizi. Ni kaunti ndogo ya Wilaya ya Busia, jirani na mji wa mpakani. Nchini Uganda, msaada mwingi hutolewa ndani ya makazi yaliyotengwa. Anayeamua kuishi nje ya makazi hayo, kwa sababu ya kazi, ndugu au biashara, kwa kawaida anajitegemea. Na hata ndani ya makazi mambo yamebana: mwaka 2023 mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza idadi ya wanaopata chakula Uganda kutoka milioni 1.6 hadi 663,000 kwa kukosa fedha. Kwa hiyo ndugu yako aliye Kiryandongo au Nakivale, aliyekuwa akikuagiza mzigo, naye ana pesa kidogo kuliko zamani. Biashara ndogo imekuwa mlo wa nyumbani, si nyongeza tena.

Mpaka huu na misukosuko yake

Kabla ya mbinu, kumbuka kidogo historia, kwa sababu wafanyabiashara wa hapa hawajaanza leo kuona hali ngumu.

Katika miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika Uganda, sabuni, chumvi na sukari zilivuka mpaka kwa magendo na kahawa ikaenda upande wa Kenya. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, maelfu ya Wakenya walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya Covid-19. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mama mwenye karai kichwani hakuruhusiwa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti mapya. Januari 2022 madereva wa malori waligomea kupimwa Covid-19, foleni zikajaa Busia na Malaba, na bei ya petroli ikapanda Uganda nzima.

Waliobaki na biashara zao baada ya hayo hawakuwa lazima wale wenye mtaji mkubwa. Mwaka 2020 baadhi ya vikundi vya wanawake vilikusanya mizigo midogo ya wanachama na kuipakia kwenye lori moja, maana lori lilikuwa na ruhusa ya kuvuka na wao hawakuwa nayo. Mzigo wa mtu mmoja haulipi gari. Mizigo ya watu ishirini inalipa. Njia hiyo bado inafaa leo, hata mpaka ukiwa wazi, kwa sababu nauli imepanda.

Na kuna mabadiliko mengine ambayo hayakuja kama balaa ila yamewagusa wengi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Tangu hapo lori linakaguliwa mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Ni jambo jema kwa mwenye lori. Lakini dereva asiyelala foleni hanunui chakula cha jioni, hanunui maji ya kuoga na hahitaji chumba. Kama biashara yako ilijengwa juu ya foleni ya malori, usisubiri foleni ya zamani irudi. Tafuta mteja mwingine. Tutarudi kwenye hilo hapa chini.

Anza na daftari

Tunajua, kila semina inasema "weka kumbukumbu", na kila mtu anaitikia kisha anarudi kuhesabu kichwani. Basi tuonyeshe kwa hesabu.

Tuseme unauza chapati na chai. Kwa siku umeuza shilingi 50,000. Unga, mafuta, sukari na majani vilikugharimu 38,000. Unaona faida ya 12,000, unachukua 10,000 ya chakula cha watoto na unajisikia vizuri. Lakini hukuandika mkaa wa 4,000, boda ya kuleta unga 3,000, na sehemu ya kodi ya kibanda, 1,500 kwa siku. Hizo ni 8,500. Faida yako halisi ni 3,500. Ukichukua 10,000, umekula mtaji kwa 6,500. Baada ya siku kumi zimekatika 65,000, na unaanza kulalamika kwamba wateja wamepungua, kumbe wateja ni walewale.

Daftari la kurasa 48 linatosha. Chora mistari minne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka za biashara, zilizotoka za nyumbani. Andika jioni kabla ya kufunga, si asubuhi ya pili. Kama huandiki, mwombe mtoto anayesoma akuandikie, au rekodi sauti yako kwenye simu kila jioni. Muhimu ni kutenganisha pesa ya kibanda na pesa ya jikoni, hata kwa mifuko miwili tu ya nguo.

Faida nyingine ya daftari wengi hawaijui. Kwa viwango vya kodi ya biashara ndogo vilivyoanza Uganda Julai 2020, biashara yenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 10 kwa mwaka hailipi kodi hiyo ya mapato. Ikiwa na mauzo kati ya milioni 10 na milioni 30, asiye na kumbukumbu anatozwa 80,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Muuza chapati wetu wa 50,000 kwa siku anafikisha karibu milioni 18 kwa mwaka. Bila daftari: 80,000. Kwa daftari: asilimia 0.4 ya milioni 8, yaani 32,000. Daftari la bei ya soda limeokoa 48,000. Ulizia ofisi ya mamlaka ya mapato, URA, iliyo karibu nawe kuhusu viwango vya mwaka huu kabla ya kulipa, na usimlipe mtu anayepita vibandani bila risiti. Leseni ya biashara ya kaunti ndogo au manispaa ni kitu kingine, nayo pia ina risiti yake.

Shilingi mbili kwenye kibanda kimoja

Hili ni jambo la mpakani ambalo mwongozo wa biashara ulioandikwa Kampala au Nairobi hautakuambia.

Hapa unapokea shilingi za Uganda na za Kenya kwa mkono mmoja. Thamani zake hazitulii. Mwaka 2022 shilingi moja ya Kenya ilikuwa zaidi ya 30 za Uganda. Kufikia Januari 2024 ilishuka hadi karibu 24. Kisha shilingi ya Kenya ikapata nguvu tena haraka, na katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 29.

Fikiria ulikuwa ukinunua katoni ya sabuni upande wa Kenya kwa shilingi 1,000 za Kenya. Januari 2024 hiyo ilikuwa kama 24,000 za Uganda. Unauza katoni nzima kwa rejareja 27,000, unapata 3,000. Miezi michache baadaye bei ya Kenya haijabadilika, bado ni 1,000, lakini sasa inakugharimu 29,000. Kama hukubadilisha bei yako, kila katoni unayouza inakupotezea 2,000. Na hutaiona hasara hiyo mezani, kwa sababu pesa inaingia kila siku. Utaiona siku ya kujaza mzigo, pesa haitoshi.

Kwa hiyo kila unapoenda kununua, uliza kiwango cha kubadilisha fedha kwanza, na kipige kwenye bei ya kujaza mzigo ujao, si bei uliyonunulia wa zamani. Weka bei kwa sarafu ambayo unanunulia. Kama mzigo unatoka Kenya na mteja ni wa Uganda, waambie wateja wako wazi kwamba bei inafuata shilingi ya Kenya. Watu wa mpakani wanaelewa lugha hiyo kuliko mahali pengine popote. Usirundike pesa nyingi za upande mmoja ukisubiri ipande thamani. Huo ni mchezo wa wanaobadilisha fedha, na wao wana mtaji wa kungoja. Wewe una unga wa kununua kesho.

Unapouza mahindi au njugu kwenda Kenya, kumbuka kilichotokea Machi 2021. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo hayafiki hapo kirahisi. Turubai ni bei, lakini gunia linalorudishwa mpakani ni hasara zaidi. Na kama mtaji wako wote uko kwenye zao moja linalovuka mpaka, tangazo moja la redio linaweza kukusimamisha. Weka angalau sehemu kwenye kitu kinachouzwa hapa hapa.

Gorogoro, tumpeco na kijiko

Mteja akiwa hana pesa hapunguzi njaa, anapunguza kipimo. Wa Kenya anazoea gorogoro, kopo la kama kilo mbili. Wa Uganda anaomba tumpeco, kikombe cha plastiki. Kuwa na vyote viwili, na kuwa na kidogo zaidi ya hapo: mafuta ya kupimwa kwa kijiko, sukari ya kufunga kwenye karatasi, sabuni ya kukata.

Vipimo vidogo vina faida nzuri kwa kilo, lakini pia hula muda na mifuko, na kila kipimo kinamwaga kidogo. Gawa gunia moja mara moja kwa majaribio, hesabu zimetoka tumpeco ngapi, ndipo upange bei. Na usibonyeze kopo kwa ndani. Wateja wanajua. Katika hali ngumu mteja husamehe bei iliyopanda. Kopo lililobonyezwa halisamehe, na atalisema kisimani.

Kujitangaza bila pesa ya matangazo

Tangazo kubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki lilizaliwa kwenye mpaka huu, na halikulipiwa. Katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha upande mmoja na cha upande mwingine, mwendo ambao kwa miguu ulichosha. Walikuwa wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la "mpaka": boda, boda. Leo jina hilo linatumika Kampala, Nairobi hadi Dar es Salaam, na wengi wanaolitumia hawajawahi kufika Busia. Tunachotaka ulione ni hili: hawakuita "tuna huduma nzuri ya usafiri". Waliita mahali mteja anapotaka kufika.

Basi angalia unachoita wewe. "Karibu mteja" kila mtu anaita. "Chapati moto na maharage, elfu moja" inamwambia mtu kitu. Kama una kibao, andika bidhaa na bei, si jina la duka tu. Jina la duka linafaa baadaye, ukishajulikana.

Lugha ni tangazo pia. Hapa utakutana na Samia, Ateso, Luganda, Kiswahili, Dhopadhola upande wa Tororo, na Kijaluo na Kibukusu kutoka ng'ambo. Huwezi kujua zote. Lakini jifunze salamu, namba hadi kumi na majina ya bidhaa zako. Samaki mdogo yule yule ni mukene kwa Mganda, omena kwa Mkenya, dagaa kwa aliyetoka Tanzania. Andika majina matatu kwenye kadi moja ya katoni. Mkimbizi anayezungumza Kiswahili cha Kongo ana faida hapa kuliko anavyodhani, kwa sababu madereva wengi wa malori na wanunuzi wa Kenya wanaongea Kiswahili, na baadhi ya wenyeji hawakipendi sana. Ukisikia lafudhi yako inachekwa, cheka nao na uendelee kuuza.

Sasa tuseme juu ya mteja mpya badala ya foleni ya malori. Fikiria ni nani anapata pesa, na lini. Upande wa Tiira kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu; pesa yao haiji kila siku, lakini ikija wananunua chakula kilichopikwa, sabuni na nguo za kazi. Waendesha boda wana pesa ya kila siku, kidogo kidogo, jioni. Walimu na watumishi wana mwisho wa mwezi. Mkulima ana pesa baada ya mavuno, ya kwanza yanayoanza katikati ya mwaka na ya pili mwisho wa mwaka. Mtu anayeuza mitumba ya watu wazima wiki ya tatu ya mwezi Aprili, wakati kila shilingi imeingia kwenye mbegu na palizi, anajichosha. Wiki hiyo uza vya bei ndogo.

Na kalenda ya shule inakupa misimu miwili. Kenya hufungua mwaka wa shule Januari, Uganda kwa kawaida mapema Februari. Mwenye madaftari, kalamu, soksi na viraka vya sare anaweza kuuza upande wa Kenya kwanza, kisha mzigo uliobaki ukauzwa Uganda wiki nne baadaye. Ni wachache wanaoutumia mwanya huo, na hatujui kwa nini.

Simu ni chombo kizuri ikiwa unajua inagharimu nini. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Uganda Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021, lakini nafasi yake ilichukuliwa na tozo ya asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo usimwage data. Kinachowafaa wengi ni hali ya WhatsApp: picha moja asubuhi, iliyopigwa nje kwenye mwanga, bei ikiandikwa juu yake, na mahali ulipo. Picha moja. Ukiweka kumi na tano watu wanakuruka. Piga picha ya mzigo ulio nao leo, maana mteja akija mara mbili akaambiwa "umeisha" hatakuja mara ya tatu. Hifadhi namba za wateja kwa bidhaa wanazopenda: "Mama Akello dagaa", "Fundi maharage ya njano". Mzigo ukifika, watumie wao kwanza.

Kama wewe ni mkimbizi na bado unatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, fahamu kwamba tangu Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda inaruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho ya familia. Pesa ya biashara ikipita kwenye laini ya jirani, siku mkikosana pesa ni yake. Tumesikia kesi hizo mara nyingi mno.

Malipo ya simu yanasaidia pia kwa mteja asiye na chenji. Uliza wakala kuhusu namba ya kupokelea malipo ya biashara, na kumbuka kwamba Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa taslimu kwenye simu, mbali na ada ya kampuni. Ukiweza kumlipa wa jumla moja kwa moja kwa simu bila kutoa, umeokoa kote kuwili.

Jambo la mwisho kwenye kujitangaza: mwendesha boda mmoja akila kwako kila siku ni bora kuliko kibao. Abiria akimuuliza "wapi nitapata chakula kizuri?", yeye ndiye anayejibu. Mpe nyongeza ya supu.

Madeni ya wateja

Huwezi kukataa kukopesha kabisa. Mpakani jirani anayekukopa leo ndiye atakayekulindia meza kesho. Lakini weka kikomo kwa jumla, si kwa mtu mmoja mmoja tu: kwa mfano, pesa iliyo nje isizidi faida ya wiki moja. Ikifika hapo, unasema, "Dada, daftari limejaa, mpaka fulani alipe." Ni kweli na haimvunjii mtu heshima. Andika deni mbele ya mkopaji, mwonyeshe, aweke alama yake. Kumdai mtu mbele ya wateja wengine kunaleta pesa mara moja na kupoteza familia nzima. Mfuate nyumbani, jioni, kwa upole.

Kuvuka mpaka na mzigo mdogo

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kilimo, kazi za mikono na biashara, kwa kufuata sheria zilezile za leseni. Kwa hiyo kibanda chako Sikuda ni halali ukiwa na vibali vya kawaida. Kuvuka kwenda Kenya ni jambo jingine. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha mkimbizi hakifanyi kazi hiyo. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo huulizwa kupitia Idara ya Wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Usijaribu kupita njia za panya kwa sababu "kila mtu anapita". Mwenyeji akikamatwa anapoteza mzigo. Wewe unaweza kupoteza zaidi ya mzigo.

Wengi hutatua hili kwa ushirika: mwenyeji ananunua na kuvusha, mkimbizi anauza upande wa huku, na faida inagawanywa. Ushirika huo ni mzuri, ila uandikeni. Karatasi moja yenye kiasi cha kila mmoja, mgao wa faida na nini kitafanyika mzigo ukipotea, na mashahidi wawili, mmojawapo mwenyekiti wa kijiji.

Kwa mwenye hati zake, kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa na wenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupata cheti rahisi cha asili hapohapo mpakani na haulipi ushuru wa forodha. Haimaanishi hakuna karatasi nyingine. Mazao huhitaji cheti cha afya ya mimea, na kodi nyingine za ndani zinaweza kuwepo. Ulizia dawati la taarifa za biashara mpakani kabla ya kununua mzigo, si baada ya kufika nao. Kuna wafanyabiashara wanaowalipa watu wa njia za panya pesa nyingi kuliko ambayo wangelipa kwa njia halali, kwa sababu hawakuwahi kuuliza.

Watu wenye ulemavu wa Busia wanajulikana kwa hili tangu miaka mingi: baiskeli zao za magurudumu matatu zilibeba mizigo kuvuka mpaka, na wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Kama unahitaji kusafirisha mzigo mdogo, waulize wao. Wanazijua taratibu, na wanajua nani anaomba pesa asiyostahili.

Mkopo: ni lini, na wa nani

Mkopo wa kununua mzigo unaojulikana utauzwa kwa wiki mbili unaweza kukusaidia. Mkopo wa kulipa mkopo mwingine, au wa kula, ukiwa na biashara inayolegea, utakumaliza. Huo ndio unaoitwa kausha damu.

Chukua mfano wa 300,000. Mwaka 2024 serikali ya Uganda iliweka kikomo cha riba ya asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji binafsi wenye leseni. Hiyo ni 8,400 kwa mwezi. Mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 anachukua 60,000. Muuza chapati mwenye faida ya 3,500 kwa siku anafanya kazi siku kumi na saba kwa ajili ya mkopeshaji huyo pekee, kabla hajagusa deni lenyewe. Na kama ameshikilia kitambulisho chako au barua ya familia kama dhamana, mwambie mwenyekiti wa kijiji. Hati hizo si za kuwekwa rehani.

Kikundi cha kuweka na kukopa bado ni mahali salama zaidi kwa wengi. Riba inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mzunguko. Kosa tunaloliona ni kugawana mwezi wa Desemba na kula zote Krismasi, kisha Januari kila mtu anakopa. Jaribuni kugawana Novemba mwishoni, ili pesa inunue mzigo wa sikukuu na ule wa shule. Wenyeji wana nafasi nyingine, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia ulioanza mwaka 2022, ambao hutoa hadi shilingi milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka kupitia chama cha akiba cha parokia. Umelenga kaya za raia, kwa hiyo mkimbizi hawezi kuomba mwenyewe.

Ukiombwa pesa ili usaidiwe

Kila msimu mgumu huleta matapeli wake. Mtu anakuja na kofia yenye nembo, anasema kuna ruzuku ya wafanyabiashara, lipa 20,000 ya fomu. Usilipe. Huduma za mashirika ya misaada na za Umoja wa Mataifa ni bure: kuandikishwa, mafunzo, ruzuku na ushauri. Hakuna ada ya fomu, hakuna "chai", na hakuna mtu anayeruhusiwa kuomba upendeleo wa kimwili ili akuweke kwenye orodha. Likitokea, andika jina alilojitambulisha nalo, tarehe, mahali na namba ya simu aliyotumia, kisha toa taarifa polisi, kwa mwenyekiti wa kijiji, au kwenye dawati la malalamiko la shirika lolote lililo karibu nawe. Unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lako. Kama ulishalipa, bado ripoti. Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu yako ni ushahidi, kwa hiyo usiufute.